Aliyoyasikia Yaya Mlimani

Akina mama wa mtaa wetu pale Kibiti walipomwona Yaya anakuja, walivuta kanga wakawafunika watoto wao migongoni. Hawakufanya hivyo kwa mtu mwingine. Mwehu aliyelala sokoni walimwachia watoto awachezeshe, na mganga aliyetoka Ngarambe na mikoba yake walimkaribisha barazani wakala naye sahani moja. Lakini Yaya akitokeza pale kwenye kona ya duka la mpunga, mrefu, mkavu kama boriti, mazungumzo yalikatika, na kila mwenye mtoto alikumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Alikuwa na neno lake, nalo lilitangulia salamu. "Hebu nimsikilize huyo."

Ukimpa mtoto, alimvua shati, akamgeuza, akaweka sikio lake la kulia mgongoni, chini kidogo ya bega. La kushoto lilikuwa na kipuli cha fedha. Cha kulia alikitoa zamani kisije kikamchoma mtoto, na tundu lake lilibaki wazi, limelegea. Alifumba macho. Alitaka kila mtu anyamaze, hata mwenye kutwanga aache kutwanga. Mtoto akilia, alimngoja amalize kulia. Kisha alisema moja kati ya maneno mawili: "Hamna kitu," au, "Mna maji."

Hilo la pili ndilo watu walilolikimbia.

Nilimfahamu tangu nikiwa msichana hadi nilipokuwa mama wa watoto. Watu wote walimwita Yaya kwa kuwa alipata kulea mtoto wa Wazungu huko deltani, mto unapoingia baharini, enzi Mwingereza anatawala na magome ya mikoko yanapakiwa vyomboni kwenda Ulaya kutengenezea ngozi. Jina alilopewa na babake nililisikia likitajwa mara moja tu, na mwenyewe hakuligeukia. Basi na hapa atakuwa Yaya.

Hofu ya watu ilianzia kwa mtoto wa mchinjaji. Alikuwa mtoto mnene, mchekaji, anatafuna muwa pale nje. Yaya alimwinua, akamsikiliza, akamwambia babake, "Mna maji. Mpelekeni Utete leo." Hospitali ilikuwa huko Utete, ng'ambo ya mto. Mchinjaji alicheka, akamkatia mtoto kipande kingine cha muwa. Wiki haikuisha, tulikuwa makaburini. Tangu hapo watu hawakusema Yaya alijua. Walisema Yaya alifanya.

Ukweli ni kwamba alikosea mara nyingi. Watu walisahau hilo, kwa sababu mtu hakumbuki msiba ambao haukutokea. Mke wa fundi baiskeli aliambiwa mwanawe ana maji, akambeba mgongoni, akavuka mto, akangoja kwenye baraza ya hospitali na wagonjwa wengine, akaambiwa ni mafua tu. Aliporudi hakupita nyumbani kwake kwanza. Alisimama mbele ya nyumba ya Yaya, miguu imejaa matope, akamtukana mpaka sauti ikamkauka. Sisi wasichana aliotufundisha kusuka tulikuwa ndani tunasuka ukili wa mikeka, tukainamisha vichwa. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtoto mzima?" akauliza.

"Mzima! Hana kitu!"

"Alhamdulillahi. Basi nitukane tena, mwanangu. Maji ya kunywa haya hapa."

Yule mama aliyanywa maji, akakaa kitako, akalia. Lakini hakumpa Yaya mtoto wake tena.

Mwalimu wa chuo naye alikuja siku moja, baada ya watu kumlalamikia. Alikuwa mtu mpole, aliyetufundisha sote Kurani pale mtaani, na alikaa mbali kidogo kwa heshima.

"Yaya," alisema, "watu wanasema unawatabiria watoto mabaya."

"Mwalimu, anayesema naona moshi juu ya paa, ndiye aliyechoma nyumba?"

"Wakati mwingine hapana moto."

"Wakati mwingine hapana. Nami nashukuru."

"Lakini unawatisha wazazi."

"Natisha," alisema Yaya. "Mimi mwenyewe natishika. Kwani unadhani napenda?"

Mwalimu aliaga. Pale mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba mjukuu wake wa kike ana kikohozi, na kama Yaya atapita upande ule, si vibaya.

Mambo yake mengine yalikuwa magumu kuyaelewa. Alikuwa na kipande cha shamba la mpunga bondeni, kama wengi wetu. Huko bondeni watu hulinda mpunga wakiwa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo ndefu, maana usiku viboko hutoka mtoni, na miaka ile hata simba walipita. Yaya hakupanda dungu. Alilala chini, kwenye majivu ya moto wake, kama mbwa. Wenziwe walimwita kutoka juu, walimbembeleza, walimkemea. Alijibu, "Huko juu pumzi si zako. Umeazimwa." Asubuhi moja walikuta nyayo za kiboko zimepita karibu na kichwa chake kiasi cha kutisha. Yeye alikuwa anachemsha uji.

Alikuwa na hasira za haraka. Alikuwa mchoyo wa ugoro. Akisuka mkeka hakutaka mtu auguse kabla haujaisha, na ukiugusa aliufumua wote. Mbuzi wa watu aliwatupia maganda ya nazi na kuwatukana kwa Kindengereko, matusi ambayo bibi yangu alisema hajayasikia tangu utoto wake. Na pamoja na hayo yote, sisi wasichana tulimpenda, kwa sababu alitusimulia mlima.

Hapo ndipo aligeuka mtu mwingine. Mwanamke asiyekubali kupanda ngazi ya dungu alitusimulia Kilimanjaro jioni baada ya jioni, na uso wake uking'aa kama wa bibi harusi. Alikuwa amepelekwa huko na Wazungu wake. Walikwenda kwa meli hadi Tanga, kisha kwa gari moshi hadi Moshi, kisha kwa miguu.

"Kuna njia ya kutazama," ndivyo alivyoanza kila mara. "Wazungu wameitengeneza kwa kutazama tu. Haiendi shambani, haiendi sokoni, haiendi kwa mtu."

Tulicheka. Njia isiyokwenda kwa mtu!

"Unaanzia Marangu, kwenye migomba ya Wachaga. Maji yanapita kwenye mifereji mpaka mlangoni kwa watu, baridi, unayanywa meno yanauma. Kisha unaingia msituni. Msitu ule unadondosha maji na mvua hainyeshi. Miti ina ndevu. Ndevu za kijivu, zinaning'inia mpaka kwenye kichwa chako. Mbega wanaruka juu, weusi, wamevaa shuka nyeupe mabegani kama wazee wa Ijumaa. Unatembea pole pole. Kiongozi wetu Mchaga, mtu mzima mwenye ndevu chache, neno lake lilikuwa hilo tu, pole pole. Jioni mnafika kibanda cha kwanza. Cha mbao, kina jiko la chuma."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake miti inaisha. Inaisha ghafla, kama mtu aliyefungua mlango. Kuna vichaka, kuna nyasi, na maua mekundu yanayosimama kama mienge. Kuna magugu makubwa kama migomba, yamejifunga majani yao makavu kiunoni kama mtu aliyevaa makoti matatu. Kila mahali pazuri mnasimama, kiongozi ananyoosha mkono, Wazungu wanatazama. Mnakwenda, mnasimama, mnatazama. Mawingu sasa yako chini yako."

"Kama nini, Yaya?"

"Kama povu la bahari, ila halina sauti."

Alitueleza kwamba mlima ule zamani ulitapika moto, na kwamba kule juu kabisa, chini ya barafu, kuna shimo ambalo harufu ya kiberiti haijaisha. Alituonyesha kilele kwa kupindua chungu chake cha mchuzi na kumwagia chumvi juu. "Moto ndani, barafu juu," alisema. "Na mtu yuko katikati, anapiga picha."

Kisha alifika kibanda cha pili, na hapo simulizi ilikatika. Kila mara. "Tukakaa kwenye kibanda cha pili, tukashuka." Aliuchukua ukili wake, akaendelea kusuka. Tulimsihi atufikishe kileleni. Hatukujua tunamsihi nini.

Mimi niliyapata yaliyobaki baada ya kuolewa. Wenzangu walikuwa wametawanyika kwa waume zao, mimi niliolewa mtaa uleule, na mchana nilikuwa nakwenda kwake kusuka, mimi na yeye tu. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Siku moja alinitazama tumbo, akaweka kazi chini.

"Wewe utazaa karibuni," alisema. "Afadhali ujue kwa nini nitakusumbua."

Wazungu wake walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka mitano. Bwana alinunua magome ya mikoko. Mtoto alikulia mgongoni kwa Yaya, akajua Kindengereko kabla ya Kiingereza, na usiku alilala akiwa ameshika kidole cha Yaya. Walipokwenda mlimani, mtoto alibebwa kwenye kiti kilichofungwa mgongoni kwa mpagazi, na Yaya alitembea nyuma yake ili waonane uso kwa uso. Siku ya kwanza mtoto aliimba njia nzima. Siku ya pili alisema kichwa kinamuuma, akatapika uji. Walilala kibanda cha pili. Asubuhi aliamka anakohoa.

"Nikamweka hapa," Yaya alijigusa kifua, "nikaweka sikio mgongoni, kumbembeleza tu, sikuwa natafuta kitu. Unajua kwetu deltani maji yakikupwa, matope yanavyonyonya chini ya mizizi ya mikoko? Ile sauti? Bahari iko mbali kiasi kile, mwanangu, nami naisikia ndani ya mgongo wa mtoto."

Alimwambia Memsabu. Memsabu akamwambia Bwana. Mlima siku hiyo ulikuwa umefunikwa, hauonekani hata chembe, na Bwana alikuwa ameshaweka kamera yake juu ya miguu yake mitatu. Akasema wametoka mbali. Mawingu yakifunguka watautazama mlima, watapiga picha, watashuka.

"Kiongozi akamwambia, Bwana, mtoto ashushwe sasa. Akishuka atapona, nimewaona wengi. Bwana akasema, bado kidogo. Wakangoja. Adhuhuri ikapita. Mtoto anahema kama anayepanda ngazi, na amelala. Kiongozi akanijia mimi. Akasema, mama, mbebe utangulie, nitakufuata. Akasirike atakavyo. Nikamwambia, mtoto si wangu."

Nje kuna mtu alikuwa anapasua kuni, na nilitamani aache.

"Jioni mawingu yakafunguka," alisema. "Wote wakatoka nje. Wapagazi wakasimama na masufuria mkononi. Memsabu alilia kwa uzuri wake. Nami nikatoka, mtoto begani, nikatazama. Sikudanganyi. Ulikuwa mwekundu na mweupe, umesimama peke yake, hauna haja na mtu. Sijaona kitu kizuri kama kile mpaka leo. Nikatazama mpaka nikasahau kwamba nimebeba mtu. Nilipokumbuka, kichwa chake kilikuwa kimelala shingoni kwangu, na midomo imekuwa ya samawati."

Walikimbia. Kiongozi alimchukua mtoto akatangulia, anaruka mawe. Mtoto alikata roho walipoingia msituni, kwenye ile miti yenye ndevu.

"Memsabu hakunilaumu," alisema Yaya. "Angenilaumu, labda ningepata usingizi."

Wazungu walimrudisha Yaya kwao deltani, wenyewe wakapanda meli kwenda Ulaya. Lakini kwao hakukukalika. Kule visiwani maji hujaa na kupwa kila siku, na kila yanapokupwa matope hunyonya chini ya nyumba za watu. Yaya aliyasikia akipika, akiswali, akiwa amelala. Ndugu zake walimwona anatoka mbio nje na kukimbilia watoto wa majirani, anawavua nguo. Mwisho alijifunga kibwebwe, akapanda mtumbwi, akashuka bara, akatembea hadi Kibiti, ambako bahari haisikiki.

Nilipomzaa binti yangu Zainabu, mama mkwe aliniambia neno moja wazi. "Yule mwanamke asikanyage kizingiti changu."

Sikubishana. Mama mkwe alikuwa amezika watoto wanne, na mwanamke wa namna hiyo hubishani naye. Yaya naye hakuja. Hilo lilinishangaza. Nilisikia kwamba siku hizi hatembei, haombi tena kusikiliza watoto wa watu, anakaa ndani tu. Watu walifurahi. Walisema uzee umemtia adabu.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mume wangu alikuwa deltani kukata boriti. Zainabu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, akapata kikohozi. Mama mkwe alimpaka mafuta ya nazi yenye kitunguu, akamfukiza, akamwekea Yasini kichwani. Kikohozi kikatulia, na hicho ndicho kilichonitisha, maana mtoto alitulia mwili mzima, hata mikono. Alikuwa anahema kwa tumbo. Mama mkwe aliposimama kuswali Alasiri, nilimfunga mwanangu mgongoni, nikatoka kwenye mvua bila kuaga.

Yaya alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Nilibisha hodi mara kadhaa hakuitika, nikaingia. Aliponiona na mtoto, hakusema neno lake. Alinyoosha mikono tu. Akamvua shati, akamgeuza, akaweka sikio. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa kwa mtoto yeyote.

"Sisikii," alisema.

"Hamna kitu?" Nilinyoosha mikono kumchukua, kwa furaha.

Alikuwa ananitazama mdomo. "Sisikii, mama Zainabu. Tangu Ramadhani iliyopita sisikii. Hata adhana siisikii. Ninyi mnadhani nimeacha."



"Weka sikio lako," alisema.

"Mimi sijui, Yaya."

Hakunisikia, lakini alijua nimesema nini. "Hata mimi sikujua. Weka."

Nikaweka. Mgongo wa mwanangu ulikuwa wa moto. Kwanza nilisikia moyo, unakimbia kama mtu aliyepotea ndani ya nyumba. Kisha, nyuma ya moyo, chini kabisa, kila alipovuta pumzi, nikaisikia. Ndogo, laini, ya kunyonya. Nilikuwa nimekwenda deltani mara moja tu maishani, lakini nilikuwa nimesimuliwa sauti ile na mtu aliyeijua, na sikuhitaji kufundishwa tena.

Yaya hakuniuliza. Alikuwa anautazama uso wangu. Aliinuka, akachukua kanga ya pili, akasema, "Twende."

Tulipata lori la mpunga lililokuwa linakwenda mtoni. Barabara ilikuwa matope matupu, na mara mbili abiria walishuka wakasukuma. Mtoni maji yalikuwa yamefura, ya rangi ya chai ya maziwa, yanashuka na magogo, na mbuzi aliyekufa akapita amegeuza miguu juu. Mwenye mtumbwi alitutazama, akasema havushi mtu leo. Yaya alikuwa hasikii anachosema, au alijifanya. Aliingia mtumbwini, akakaa mbele, akashika ukingo kwa mikono miwili, akamtazama. Yule mwanamume alisimama pale mvua inamnyeshea, kisha akachukua kasia lake. Katikati ya mto gogo lilitugonga, maji yakaingia hadi vifundoni. Nilimfungua Zainabu mgongoni nikamweka kifuani, nikawa namsikiliza njia nzima, maana niliogopa kwamba nikiacha kusikiliza ataacha kuhema.

Utete walimdunga sindano, wakamdunga tena, na sisi tukalala sakafuni kwenye baraza. Zainabu alipona. Tuliporudi, mama mkwe alimpokea mtoto mikononi mwangu, hakunigombeza. Kesho yake alipeleka nyumbani kwa Yaya ungo wa mchele uliopepetwa vizuri, akaubwaga mlangoni akaondoka. Hawakupata kuzungumza hata siku moja.

Lakini mimi nilikuwa nimefungua kitu ambacho sikuweza kukifunga. Nikienda kisimani, mtoto wa mtu akikohoa, nilihisi shingo yangu inageuka. Nikishika mtoto wa shoga yangu kumpongeza, sikio langu lilikwenda mgongoni lenyewe. Nilijizuia. Nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyomtazama Yaya, nami nilikuwa na mume, na mashemeji, na jina langu mtaani. Niliwaza mara nyingi juu ya watoto ambao sikuwasikiliza.

Muda mfupi baada ya masika yale, Yaya alihama. Mpwa wake wa kike alikuja kumchukua, akampeleka Mbwera, visiwani. Tulishangaa kwamba amekubali. Hakuaga watu wengi. Alinipa sindano yake ya kushonea mikeka, akaniambia nisiwape watoto waichezee.

Nilimwona tena mara moja tu. Ilikuwa miaka kadhaa baadaye, Waingereza wakiwa bado wapo lakini watu wameshaanza kusema kwamba hawatakaa. Mjomba wa mume wangu alifariki Mbwera, tukaenda kwa matanga. Siku ya tatu niliuliza kwa Yaya, nikaonyeshwa nyumba ya makuti iliyojengwa karibu na mkondo.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa. Alikaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, na watoto wa nyumba ile walikuwa wamemjaa mwilini, mmoja amemlalia paja, mwingine anamsuka mvi. Alikuwa anacheka. Vipuli vilikuwa kwenye masikio yote mawili. Aliponitambua alinivuta akanikumbatia, akapaza sauti kama viziwi wanavyopaza.

"Mama Zainabu! Mtoto mzima?"

Niliitikia kwa kichwa, nikamwonyesha kwa mkono urefu wake. Mpwa wake alileta chai na mihogo. Tulikaa. Maji yalikuwa yanakupwa, na chini ya nyumba, kwenye mizizi ya mikoko, matope yalikuwa yananyonya. Kwangu ilikuwa kama mtu anayenong'ona kisogoni. Yaya alikuwa anatafuna muhogo.

"Nalala," aliniambia. "Nakwambia nalala, mwanangu. Nikiweka kichwa chini, nimekwenda. Sijalala hivi tangu nishuke kule. Kimya kitupu."

Nilimshika mkono. Nilifurahi kwa ajili yake, naapa nilifurahi.

Ndipo kule mlangoni, nyuma yake, mtoto mdogo wa mpwa wake akakohoa. Alikuwa amekaa peke yake, hachezi na wenzake. Akakohoa tena. Nilimtazama mamake.

"Ameanza lini?"

"Juzi. Baridi tu hiyo, shoga yangu. Asubuhi alitusumbua, sasa ametulia."

Niliweka kikombe chini. Nilijua kwamba nikiinuka Yaya ataniona. Nilikaa pale kitambo, labda kama pumzi tatu za yule mtoto, na ya tatu ndiyo iliyoniinua. Nikapiga magoti nyuma yake, nikainua shati lake, nikaweka sikio.

Nilipoinua kichwa, cheko lilikuwa limemtoka Yaya usoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliwaondoa watoto mwilini mmoja mmoja, taratibu, akaweka mkono ukutani, akasimama, akaanza kutafuta kanga yake.

Yule mtoto alipona. Naliweka wazi mapema. Lakini siku hiyo hatukulijua. Wapiga kasia wa kutuvusha hadi bara walisema tungoje maji yajae, la sivyo mtumbwi utakwama. Yaya aliwapigia kelele, sauti yake ile isiyojisikia, mpaka wakaona haya. Tulipita mkondo uliobakiwa na maji kidogo, mara kwa mara wanaume wakishuka kusukuma, matope mapajani. Mtoto alikuwa kwa mamake. Yaya alikaa mkabala nao, macho kwenye mbavu za mtoto, anazitazama zinavyoingia na kutoka. Hakutazama kingine. Tulipofika Nyamisati, lori la kamba wakavu lilikuwa linajiandaa kuondoka, nafasi ilikuwa ya wawili tu, mama na mtoto wakapandishwa juu ya magunia, likaenda upande wa hospitali.

Tulibaki wawili pale ufukweni. Nilitaka kumwambia kitu, lakini ningelazimika kupiga kelele, na lililokuwa moyoni mwangu si la kupigiwa kelele. Alikuwa anaitazama njia ambako lori limepotea. Kisha alinigeukia, bila hasira, akanirekebishia kanga begani kama nilipokuwa msichana wake wa kusuka.

"Nilikuwa nimepumzika kidogo," alisema.